Kwenu Ni Saa Ngapi?



Mwezi huu ninataka kuwapeleka mbali, hata Korea ya Kusini, inchi niliyofika mwaka 2018. Lakini mbele ya kupanda ndege ni lazima niwaeleze neno moja la aibu lililotokea hapa kwetu. Bila lile neno hamutasikia sababu gani muchungaji anaandika juu ya usingizi.

Siku ya Mungu moja, baba mumoja wa kwaya alikuwa anasinzia tangu mwanzo wa mahubiri. Kichwa kinaanguka, anakiinua, kinaanguka tena. Nikasimamisha mahubiri na kusema: "Kuko bantu bengine, kitanda iko ku nyumba, lakini banapenda kulalia ile ya Mungu." Watu wakacheka. Yeye akashituka, akatazama chini hata mwisho wa ibada. Kisha ile siku sikumuona tena. Bibi yake alikuja pekee na watoto, wiki tatu, wiki ine, wiki tano. Nilisema ndani ya moyo: huyu amepoa. Sikuenda kumuuliza.

Sasa tuende safari. Katika habari hii nitahesabu saa sawa vile zinaandikwa ku kazi: 4h00 ni mbele ya mapambazuko, 16h00 ni kisha muchana.

JUA LILILOKUJA MBIO

Mwisho wa mwezi wa kumi wa ule mwaka, niliitwa pamoja na wachungaji wengine katika mukutano wa makanisa katika muji wa Seoul. Tuliondoka kwa uwanja wa Luano wakati jakaranda zilikuwa zinamwanga maua yao ya mwisho, na joto la mbele ya mvua lilitubana shingo. Kwa Addis-Abeba tulibadilisha ndege. Kule watu wanahesabu saa kuanzia kutoka kwa jua, sawa Waswahili wa pwani, hata niliuliza mara mbili mbele ya kusadiki saa ya kupanda. Halafu tukaruka usiku, zaidi ya saa 10 bila kukanyaga chini.

Ule usiku ulikuwa mufupi sana. Nilikuwa ninatafuta namna ya kuweka shingo, na mutu wa kando yangu akafungua dirisha: jua tayari! Sisi tulikuwa tunalikimbilia, nalo lilikuwa linakuja kutulaki. Saa yangu ya mukono ilisema bado ni usiku, lakini watumishi wa ndege walikuwa wanagawa chakula cha asubuhi.

Kila mutu aliyesafiri kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa anajua kwamba ni lazima kurudisha saa yake nyuma kwa saa 1. Inchi yetu ina saa mbili. Sababu yake ni hii: dunia inazunguka mara moja kwa saa 24. Ukigawanya digri 360 kwa 24 unapata 15, ni kusema kila digri 15 ni saa moja. Mwaka 1884 wajumbe wa inchi nyingi walikutana Washington, wakapatana kuanza hesabu kwa mustari wa Greenwich, kule Uingereza. Kati ya Lubumbashi na Seoul kuna karibu digri 100, na tofauti ni saa 7. Wakati watoto wetu wanatoka ku masomo 12h00, kule ni 19h00, watu wanakula chakula cha jioni.

DEKALAJI NI NINI?

Wengi wanafikiri ni urefu wa safari unaoleta ule uchovu tunaoita dekalaji. Hapana. Mutu anaweza kutoka kwetu na kwenda Bruxelles, usiku muzima ndani ya ndege, akafika na miguu yenye kuvimba na mugongo wenye kuuma. Lakini siku za baridi ya Ulaya tofauti ya saa ni 1 tu, na siku zao za joto hakuna tofauti hata kidogo. Analala usiku mumoja, imeisha. Anayekwenda mbali mashariki ao magaribi anachoka namna ingine. Mwili wake umefika, lakini saa yake ya ndani imebaki ku nyumba.

Maana Muumba ameweka saa ndani yetu. Katika ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho mawili inapopishana, kuna kifungu kidogo cha chembe karibu 20,000. Hicho kinaamuru wakati wa usingizi na wa kuamuka, joto la mwili, njaa, hata kazi ya tumbo. Mwaka 1729 Mufaransa mumoja, Jean-Jacques de Mairan, alifungia ndani ya giza mumea wenye kufunga majani yake usiku. Akaona majani yanaendelea kufunguka muchana na kujifunga usiku, hata bila kuona jua. Na mwaka 2017 Waamerika watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Zawadi ya Nobel kwa sababu walifunua namna ile saa inavyofanya kazi ndani ya chembe. Waliipeleleza ndani ya nzi wadogo wa matunda, wale wanaozunguka ndizi zilizoiva sana.

Saa hii huwezi kuigeuza kwa vidole. Nuru ndiyo inairekebisha kupitia macho, kidogo kidogo: karibu saa 1 kwa siku kwa yule anayekwenda mashariki, na zaidi kidogo kwa anayekwenda magaribi. Sababu gani magaribi ni rahisi? Kwa watu wengi saa ya ndani inapita saa 24 kidogo, inapenda kuchelewa. Kwenda magaribi kunarefusha siku, mwili unakubali. Kwenda mashariki kunakata siku, na mwili unabisha. Vijana, munajua wenyewe: kuchelewa kulala ni rahisi, kulala mapema mbele ya usingizi kuja ni mapigano.

MISALABA MYEKUNDU

Tulifika Seoul kuelekea jioni. Ni muji mukubwa sana, wenye muto Han unaopita katikati, mupana, na madaraja mengi juu yake. Barabara nyingi zimepandwa miti ya ginkgo. Mwisho wa mwezi wa kumi majani yake yanageuka manjano kama kiini cha yai, na chini yake matunda yanayoanguka yananuka vibaya kabisa. Watu wanaruka wasiyakanyage, kisha wanainua macho na kusifu uzuri wa majani.

Tulikula wali na supu na kimchi, ni kusema kabichi iliyokaa ndani ya chumvi na pilipili hata ikawa chachu. 22h00 wenyeji wakatuaga tulale. Nikalala chali, macho yamefunguka. Kwetu ilikuwa 15h00. Nani analala 15h00 siku ya kazi? 2h00 tumbo likaanza kuomba bukari. Kwetu ilikuwa 19h00, bibi yangu alikuwa anapika. Nikasimama dirishani. Usiku, makanisa mengi ya Seoul yanawasha musalaba wa taa nyekundu juu yao, mumoja huku, mwingine kule, kama makaa yaliyomwangwa ndani ya giza. Nilihesabu tisa kutoka lile dirisha moja.

Wakristo wa Korea wana desturi ya maombi ya mapambazuko. Ilianza mwanzo wa karne ya 20, na mpaka leo makanisa mengi yanakusanyika kila siku karibu 5h00 ao mbele yake, hata wakati wa baridi kali. Walipokuja kutugongea mulango, mimi nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu. Niliomba kwa sauti kubwa, niliimba, sikupiga hata mwayo. Wenyeji wakastaajabu: muchungaji huyu wa Afrika, na safari ndefu vile, ana bidii ya namna gani! Nami nilipokea zile sifa. Sikuwaambia kwamba kwangu ilikuwa 22h00, saa ambayo hata mutu muvivu bado anapiga habari mu lupango.

Kisha 10h30 mukutano ukafunguliwa. Waliniweka kiti cha mbele. Taa nyingi, kwaya ya kupendeza, na macho yangu yakajaa kama muchanga. Nikajifinya mukono. Nikabana meno. Halafu sikumbuki tena. Mutafsiri alinigusa begani: walikuwa wamekwisha kuita jina langu nilete salamu za kanisa letu. Watu mamia walikuwa wameona kidevu changu juu ya kifua. Nilisimama, nikashika mikrofoni, na kwa Kifaransa nikawatakia wote usiku mwema.

Hakuna aliyecheka. Mutafsiri, mutu mwema, aliacha ile salamu ipite bila kuitafsiri. Nilipokwisha kusema maneno yangu machache na kurudi kukaa, mama muzee mumoja wa lile kanisa akaniletea kikombe cha chai yao ya shayiri, akaniuliza neno. Mutafsiri akasema: "Anauliza, kwenu ni saa ngapi sasa?"

Nikatazama saa yangu ya mukono, ambayo nilikuwa sijaigeuza bado. 4h00 na dakika chache.

Wandugu, ile swali ilinichoma. 4h00 ya usiku ni karibu na saa ambapo joto la mwili linashuka chini kabisa na usingizi unakuwa na nguvu kupita saa zote. Mukiuliza wanaoendesha makamyo makubwa ku karieri, watawaambia bila kusoma kitabu. Na mama huyu, asiyejua luga yangu wala kabila langu, aliniuliza neno ambalo mimi sikumuuliza kondoo wangu mwenyewe. Nilipoomba kwa nguvu wakati wa mapambazuko, haikuwa utakatifu wangu. Niliposinzia muchana, haikuwa zambi yangu. Mara zote mbili ilikuwa saa tu. Nami nilikuwa tayari kuchukua sifa ya ile ya kwanza, na kumuhukumu ndugu kwa ajili ya ile ya pili.

MASHAURI KWA MUSAFIRI

Mutafsiri wetu alinishauri mambo, na mengine nilijifunza nyuma. Siku hizi watoto wetu wanaenda kusoma China na India, wafanyabiashara wanaenda Guangzhou, kwa hiyo yatafaa.

1. Kama unaenda mashariki, siku tatu mbele ya safari anza kulala na kuamuka mapema, saa 1 zaidi kila siku. Kama unaenda magaribi, fanya kinyume.

2. Ukipanda ndege, weka saa yako ku saa ya mahali unapoenda. Kunywa maji, usinywe pombe, simama na kutembea mara kwa mara. Damu inaweza kuganda ndani ya miguu isiyosogea.

3. Tafuta jua kwa saa inayofaa. Hapa wengi wanakosea. Ukiwa umeenda mashariki kwa saa 7 kama mimi, jua la asubuhi mapema siku ya kwanza linaweza kusukuma saa yako upande mubaya, kwa maana kwa mwili wako bado ni katikati ya usiku. Tembea ndani ya jua la kisha muchana, halafu kila siku songeza ule wakati mapema kidogo. Kwa anayekwenda magaribi, jua la jioni ndilo linamusaidia. Mimi nilitembea kando ya muto Han 14h00 kila siku, katikati ya watu wenye kupanda kinga.

4. Kula kwa saa ya wenyeji. Usinywe kahawa kisha muchana. Ukishindwa, lala dakika 20 ao 30, si zaidi, na weka mutu wa kukuamusha.

5. Siku za kwanza usiendeshe motokari, wala usitie mukono ku mapatano makubwa ya feza.

6. Anayekunywa dawa kila siku, zaidi sana mugonjwa wa sukari anayepiga insulini, aulize munganga mbele ya safari namna ya kupanga saa. Dawa za usingizi usizimeze kwa shauri la rafiki.

Siku ya sita nililala usiku muzima. Na siku ya saba tukapanda ndege kurudi!

MUSAFIRI ASIYEFIKA

Kurudi kulikuwa rahisi, lakini siku za kwanza usingizi ulinikamata jioni, watoto bado wanakula, na 3h00 macho yalikuwa wazi. Asubuhi ya tatu nilichoka kugeuka ndani ya kitanda. Nikavaa koti, nikaenda kusimama barabarani mahali basi linapoachia watu wa posti ya usiku. Jua lilikuwa linatoka. Basi likafika, watu wakashuka mumoja mumoja, vumbi ku nyusi. Yule baba wa kwaya alikuwa kati yao. Aliponiona akasimama.

Nilimuambia: "Baba, nimekuja kuomba musamaha. Ile siku ya Mungu, kwako ilikuwa saa ngapi?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Pasta, ile siku nilitokaka ku kazi, sikupita hata ku nyumba. Nilisema: kama nalala, sitaamuka, nitakosa ibada. Njo nilikuya vile vile."

Musomaji, ulisikia? Yule niliyemuchekesha mbele ya watu ndiye alikuwa amelipa bei kubwa kupita sisi wote ili awe pale. Machozi yalinitoka barabarani, mbele ya wauza mikate.

Tulitembea pamoja hata kwake, nikaona namna anavyoishi. Mimi nilisumbuka wiki moja, na katika ile wiki jua la Korea lilikuwa linanisaidia: kila siku lilivuta saa yangu karibu na saa ya wenyeji. Mutu wa posti ya usiku hana musaada ule. Anatoka kazini asubuhi, jua linamupiga usoni na kuambia mwili wake: amuka. Anaingia kitandani, na lupango lote limeamuka, muziki wa jirani, watoto, kinu. Saa yake ya ndani ikianza kugeuka kidogo, wiki inaisha, anawekwa posti ingine. Ni kama mutu anayepanda ndege kila wiki na hafiki popote. Na akisinzia, hasinzii ku mukutano mahali mama muzee anamuletea chai. Anasinzia kando ya mashini.

Kwa hiyo, nyumba yenye mutu wa posti ya usiku, mushike haya. Weka rido nzito ao kitenge cheusi ku dirisha, chumba kiwe giza kabisa. Anaporudi asubuhi avae miwani ya jua, kama haendeshi. Alale kwa saa zile zile kila siku, na tena apate usingizi mufupi mbele ya kwenda kazini. Kahawa anywe mwanzo wa posti, si mwisho. Wamama, musimuamushe kwa kila mugeni anayepita. Watoto, mucheze kwa jirani. Ule unyamavu wenu ni mukate wa baba. Na wewe kijana mwenye kuendesha, ukisikia macho yanafunga barabarani, simamisha motokari. Kufungua dirisha na kuimba hakufukuzi usingizi.

Katika kanisa letu wazee walikubali kuweka ibada ya pili siku ya Mungu, 16h00, kwa wale waliokesha. Ni watu wachache, lakini wanaimba kwa nguvu, na yule baba ndiye anaongoza nyimbo. Mimi ninahubiri mufupi.

Munakumbuka kijana Eutiko katika Matendo ya Mitume, sura ya 20: alisinzia dirishani wakati Paulo alikuwa anaendelea kusema hata usiku wa manane, akaanguka chini. Mara nyingi nilihubiri ile habari ili kuwaogopesha wenye kusinzia. Sasa ninaisoma tena, na ninaona Paulo hakumukaripia hata kwa neno moja. Alishuka chini, akamukumbatia.

Basi, wapenzi wangu, mukiona mutu anasinzia mu ibada, mu masomo, ku meza ya kazi, musiseme haraka kwamba ni muvivu ao amepoa. Mumuendee polepole, mumuulize kwanza: kwako ni saa ngapi?